Mvua ni ya Mungu, Mtaro ni wa Nani?



Katika nyumba nyingi za pwani yetu mchezo wa kriketi si mgeni. Mjini Mombasa umechezwa tangu zama za babu zetu, na hadi leo penye vijana wanne na kipande cha ubao hapakosi mmoja anayejua tofauti baina ya mrushaji na mpigaji. Wengi wetu tungali tunaukumbuka mwaka 2003, timu ya taifa ya Kenya ilipofika nusu fainali ya Kombe la Dunia, na hata wazee wasiojua hesabu za mchezo huu wakawa wanauliza, "Leo wetu wamepata mikimbio mingapi?"

Lakini kuna jambo moja ambalo akina mama wametuuliza zaidi ya mara moja. Mvua imekatika, jua limetoka, watu wamejaa uwanjani, na wachezaji wamekaa kitako wakinywa chai. Kwa nini hawachezi? Na kwa nini kijana aliye mbele ya televisheni anakasirika kana kwamba kaibiwa mali yake? Maswali haya ni ya haki. Tutayajibu kwanza kwa yaliyotokea India mwaka 2024, kisha tutarudi hapa mtaani kwetu, kwani sisi wenyewe tuna deni katika jambo hili.

Siku tano bila ya mpira mmoja

Septemba 2024 timu ya Afghanistan ilipangiwa kucheza na New Zealand mechi ya siku tano, ile iitwayo Test, ambayo kwa wapenzi wa kriketi ndiyo kipimo kikubwa kuliko vyote. Afghanistan walipewa daraja ya kucheza Test mwaka 2017, na hadi siku hiyo walikuwa wamecheza tisa tu. Hii ingekuwa ya kumi, na ingekuwa mara yao ya kwanza kukutana na New Zealand katika mechi ya namna hiyo. Miezi mitatu nyuma, katika Kombe la Dunia la ova ishirini, Waafghani walikuwa wamewashinda New Zealand kwa mikimbio 84 na kufika nusu fainali. Basi hamu ilikuwa kubwa.

Tuwaelewe watu hawa. Wengi katika kizazi cha kwanza cha wachezaji wao walijifunza kriketi katika kambi za wakimbizi nchini Pakistan. Kwa sababu ya hali ya nchi yao, hawawezi kuwakaribisha wageni wakubwa nyumbani. Mechi zao za "nyumbani" huchezwa ugenini, katika Umoja wa Falme za Kiarabu au India. Safari hii uwanja ulikuwa Greater Noida, karibu na Delhi.

Mechi ilikuwa ianze Jumatatu tarehe 9 Septemba. Mvua kubwa ilikuwa imenyesha kabla ya siku hiyo. Jumatatu yenyewe saa za mchezo zilipita bila ya mvua, lakini nyasi zilikuwa zimelowa chepechepe. Waamuzi wakaingia kukagua, wakatoka. Wakaingia tena, wakatoka. Jioni wakatangaza kwamba hapatakuwa na mchezo. Siku ya pili ikawa vivyo hivyo. Watunza uwanja wakaonekana wakiwasha feni za umeme kuelekea ardhini, kama mtu anayekausha nguo ya shule ya mtoto usiku wa Jumapili. Wakachimba mapande ya nyasi mahali pa mazoezi, wakaja kuyapandikiza palipokuwa na tope. Yote hayakufaa kitu. Siku ya tatu, ya nne na ya tano mvua ikarudi, na mechi ikafutwa.

Tangu mechi za Test zianze mwaka 1877, hiyo ilikuwa mara ya nane tu kwa mechi nzima kufutwa bila ya mpira hata mmoja kurushwa. Mara ya mwisho kabla yake ilikuwa mwaka 1998.

Kwa nini tope huusimamisha mchezo

Mama anayeosha vyombo na kusikia mayowe ya wanawe sebuleni ana haki ya kuelezwa jambo hili kwa lugha nyepesi. Uwanja wa kriketi una sehemu mbili. Kuna ukanda mwembamba wa katikati, wenye urefu wa hatua ishirini na kitu, ambapo mpira hurushwa na kupigwa. Na kuna nyasi zote zinazouzunguka ukanda huo, ambapo wadakaji husimama na kukimbia. Mvua inapokaribia, ukanda wa kati hufunikwa maturubai mbio mbio. Nyasi za pembeni ni eneo kubwa mno, na viwanja vingi huziacha wazi zilowe.

Sasa mrushaji wa kasi huja mbio na kuutupa mguu wake wa mbele kwa uzito wake wote. Mguu huo ukitua penye utelezi, goti au kifundo huweza kuharibika na riziki yake ikaishia hapo. Mdakaji naye hujitupa chini kuuzuia mpira. Akijitupa penye tope, bega linaweza kuteguka. Na mpira wenyewe, uliotengenezwa kwa ngozi, ukilowa huwa mzito na mtelezi, na yule mrushaji anayeuzungusha kwa vidole hawezi kuushika sawasawa.

Kwa hivyo sheria za mchezo zimewapa waamuzi peke yao mamlaka ya kusema kama ardhi ni salama au ni ya hatari. Si nahodha, si mwenye uwanja, si mwenye kuuza tiketi. Hapa tunawaomba vijana wetu waangalie ndimi zao. Mara nyingi tumesikia waamuzi wakitukanwa kwa kuwa ndio wanaotoa habari mbaya. Mwamuzi aliyekataa kumvunja mtu mguu hakukosa. Aliyekosa, ikiwa yupo, ni yule aliyeiacha ardhi ifike hali hiyo.

Mvua moja, ardhi mbili

Hapo ndipo penye kiini cha hasira ya mashabiki. Mtu hawezi kuikasirikia mvua. Mkulima anaiomba, kisima kinaitaka, na hakuna shabiki mwenye akili zake anayedai kwamba wingu limemdhulumu. Kinachouma ni kukaa chini ya jua, kiti kikavu, mbingu nyeupe, na kuambiwa kwamba mchezo hakuna kwa sababu ya mvua iliyonyesha jana. Wakati huo mtu hujua moyoni kwamba hili si la mbinguni tena.

Wala tusiseme kwamba India yote ni hivyo. Wiki mbili tu baada ya Greater Noida, India na Bangladesh walikutana Kanpur. Siku ya kwanza zikachezwa ova 35, siku ya pili hapakuwa na mchezo kabisa, na siku ya tatu, ambayo haikuwa na mvua saa za mchezo, ikapotea kwa ajili ya nyasi zilizolowa. Ilibaki siku mbili, na India wakapiga mpira kwa kasi ya ajabu wakashinda siku ya tano. Mashabiki wakashangilia, lakini aliyenunua tiketi ya siku ya tatu alirudi kwao na tiketi mkononi.

Kisha Oktoba mwaka huo huo, New Zealand wale wale waliokaa siku tano Greater Noida wakaenda Bengaluru kucheza na India. Siku ya kwanza mvua ikanyesha, mchezo haukuwako. Siku ya pili yake mchezo ukaanza, na kabla ya jioni India wote walikuwa nje kwa mikimbio 46. New Zealand wakaja kushinda, na huo ukawa ushindi wao wa kwanza wa Test nchini India tangu mwaka 1988. Kwa nini Bengaluru maji yaliondoka usiku mmoja? Kwa sababu tangu mwaka 2017 chini ya uwanja ule kumewekwa mabomba na mashine za kuyafyonza maji kutoka ardhini. Mtu anayetazama nyasi haoni kitu. Kazi yote imefichwa chini, na faida yake huonekana siku ya shida.

Na si lazima mtu awe na mashine za gharama. Mjini Colombo, Sri Lanka, ambako mvua hushuka kama ndoo iliyopinduliwa, watunza uwanja huufunika uwanja mzima kwa maturubai, wakiyavuta kwa mikono, makumi ya watu kwa pamoja. Septemba 2023 mashindano ya Kombe la Asia yalisumbuliwa mno na mvua, na watu wale walifunika na kufunua, wakafunika tena na kufunua tena, siku nenda siku rudi. Katika fainali, Mohammed Siraj wa India aliwatoa wapigaji sita wa Sri Lanka kwa mikimbio 21, akatangazwa mchezaji bora wa mechi na kupewa zawadi ya dola 5,000. Akasimama mbele ya watu akasema kwamba fedha hizo ni za watunza uwanja, kwani bila ya wao mashindano yasingewezekana. Kijana huyo ni mtoto wa dereva wa riksho wa Hyderabad. Aliijua thamani ya mtu anayefanya kazi ambayo haionekani.

Penye kuheshimiwa mtazamaji

Kuna na jambo la pili linalomuuma shabiki, nalo ni kutothaminiwa. Kuna tofauti kubwa baina ya kuharibikiwa na kudharauliwa.

Mwanzoni mwa mwaka 1971, mechi ya Test baina ya Australia na Uingereza mjini Melbourne iliharibiwa na mvua mpaka ikafutwa. Wenye mashindano wangeweza kufunga milango wakaenda zao. Badala yake, tarehe 5 Januari, wakawapa watu mechi fupi ya siku moja, ova 40 kwa kila upande. Walikuja watazamaji wapatao 46,000. Mechi hiyo, iliyotungwa ili watu wasirudi mikono mitupu, ndiyo inayohesabiwa kuwa ya kwanza ya kimataifa ya siku moja, na miaka minne baadaye Kombe la Dunia likaanzishwa kwa mtindo huo. Kombe lile lililotufurahisha Wakenya mwaka 2003 asili yake ni mvua ya Melbourne, na mtu aliyewafikiria watazamaji.

Mfano mwingine ni wa karibuni. Mei 2023, fainali ya ligi ya India mjini Ahmedabad ilihamishwa kwa mvua kutoka Jumapili hadi Jumatatu. Mashabiki waliosafiri kutoka mbali wakalala katika stesheni ya treni. Jumatatu mvua ikaja tena baada ya mipira mitatu tu ya awamu ya pili. Ikakatika, lakini sehemu moja ya pembeni ikakataa kukauka, na watu wakangoja hadi usiku wa manane ulipopita. Mchezo ukaendelea kwa ova zilizopunguzwa, na Ravindra Jadeja akaipatia Chennai ushindi katika mipira miwili ya mwisho. Waliovumilia waliona. Mashabiki husubiri, tena husubiri vizuri, maadamu wanaona kwamba kuna mtu anayehangaika kwa ajili yao.

Deni letu

Sasa turudi kwetu, kama tulivyoahidi.

Likizo ya Aprili, vijana wa madrasa mbili za mtaa wetu walipanga mechi ya kriketi siku ya Jumamosi. Mpira ulikuwa wa tenisi uliozungushiwa utepe wa fundi umeme, na wiketi zilikuwa vijiti vya mkoko. Miongoni mwao alikuwako kijana wa miaka kumi na minne, mrushaji hodari, ambaye baba yake anafanya kazi Muscat na alikuwa amekuja likizo ya mwezi mmoja. Tangu mtoto aanze kucheza, baba hajapata kumwona. Tikiti yake ya kurudi ilikuwa ya Jumapili usiku.

Jumatano usiku ikanyesha mvua ya masika. Alhamisi jua, Ijumaa jua. Jumamosi asubuhi mama zetu walikuwa wamekwisha kukaanga mahamri na viazi vya karai, na sharubati ya ukwaju imetiwa katika ndoo. Tulipofika uwanjani, nusu yake ilikuwa ziwa. Maji yalifika kwenye vifundo vya miguu, na chura walikuwa wakilia mchana kweupe. Mtaro wa pembeni ulikuwa umeziba kwa chupa za plastiki, nepi, makumbi ya nazi na kifusi cha mtu aliyekuwa akijenga.

Tulisimama sisi mbele ya vijana wale, na kilemba chetu kichwani, tukawaambia wawe na subira, kwani hii ni kadari. Maneno hayo ni ya kweli. Lakini mama mmoja mtu mzima, aliyekuwa ameketi juu ya ndoo yake ya sharubati, akatutazama akasema kwa upole, "Sheikh, mvua ni ya Mungu, hilo hatubishani. Na mtaro huu, ni wa nani?"

Hatukuwa na jawabu, kwa sababu jawabu tulikuwa nalo. Sisi ni mmoja wa kamati ya uwanja ule. Habari ya mtaro ililetwa mbele yetu wakati wa vuli, ikaletwa tena mwezi wa pili. Mara zote mbili tukasema tutaangalia. Fedha zilizokuwako tukazitumia kupaka rangi lango, kwa kuwa lango huonekana na mtaro hauonekani. Kisha, siku ya siku, tukaufunika uzembe wetu kwa neno zito la dini. Tunaikiri hapa mbele ya wasomaji wetu, na tunamuomba Mungu atusamehe.

Yule kijana mrushaji hakulia, wala hakusema kitu. Alikuwa ameushika mpira, anaugeuzageuza mkononi. Baba yake akamwambia, "Haya baba, twende nyumbani," na mama akabeba sinia yake kama alivyokuja nayo.

Jumatatu alfajiri, baada ya sala, tulitoka na majembe na makoleo, wazee na vijana, tukauzibua mtaro mpaka maji yakapata njia. Kazi yote ilichukua asubuhi moja. Asubuhi moja tu, ambayo tungeweza kuitoa mwezi wa pili. Mechi ikachezwa wiki mbili baadaye, uwanja mkavu, na mama yake yule kijana akamrekodi kwa simu ili baba aone akiwa Muscat. Bila shaka alifurahi. Lakini picha ya simu si sawa na kuona kwa jicho, na likizo yake nyingine iko mbali.

Tunayowaomba wazazi

Kwanza, mtoto akihuzunika kwa mechi iliyoharibika, tusimcheke wala tusimwambie kwamba ni mchezo tu. Aliyengoja kitu kwa siku nyingi akakikosa ana haki ya huzuni yake. Tumkalishe, tumsikilize, kisha tumfundishe kuitenganisha huzuni na matusi.

Pili, tumfundishe kuuliza swali la mama yule. Katika kila linaloharibika kuna fungu ambalo si letu, na hilo tulipokee kwa ridhaa. Na kuna fungu ambalo ni letu, na hilo tuliwajibikie. Mtoto asiyejua kutenganisha mafungu haya ama atakuwa mlalamishi wa kila kitu, ama atakuwa mzembe mwenye kisingizio kizuri.

Tatu, wenye kusimamia viwanja, shule na madrasa wasingoje siku ya mechi. Mitaro ikaguliwe kabla ya masika na kabla ya vuli. Turubai moja kuukuu la lori linatosha kuufunika ukanda wa kati wa uwanja wa mtaani. Ipangwe siku ya akiba, itangazwe mapema, na ikiwa ardhi haifai, watu waambiwe asubuhi kabla mama hawajawasha moto wa karai. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ukuta unaweza kujengwa tena, ingawa kwa gharama. Jumamosi ya baba na mwanawe haijengeki.

Masika mengine yako njiani, inshallah. Mtaro wetu tumeukagua wiki hii, na safari hii tumemwomba mama yule yule aingie katika kamati. Amekubali kwa sharti moja: kikao kianze kwa kutembea uwanjani, ndipo watu wakae kwenye viti.

Wabillahi tawfiq.